Ukitaka katani idumu kwenye kigae, anza kuitibu simenti

Wateja wanaokuja kwenye banda langu la vigae vya kuezekea hapa Usagara, Mwanza, wananiuliza swali moja kuliko yote, mama vigae, hizo nyuzi za katani ndo zinazofanya kigae kiwe kigumu? Nikiwaambia hapana, ugumu unatoka kwenye simenti na mchanga na namna ulivyokimwagilia, wanabaki wananiangalia, maana wameshazoea kusikia kwamba katani, yaani nyuzi za mkonge, kwenye kigae ni sawa na nondo kwenye zege. Siyo sawa. Na kwa sababu watu wengi wa kanda ya ziwa sasa hivi wanataka kujaribu kazi hii, vijana wananifuata kila wiki, naona niandike nilichojifunza kwa kuishika kwa mikono, ili mtu asianze na maneno ya kusikia.

Mimi nilianzia kwenye kokoto. Ukipita Mabatini au Igogo unawaona akina mama wamekaa chini ya vilima wanaponda mawe kwa nyundo, na mimi nilikua mmoja wao, Mwanza mawe hayaishi ndugu zangu, na granite yetu ni ngumu kweli kweli. Pale nilijua mambo ya vumbi la mawe, ukubwa wa punje, nani ananunua nini na kwa kazi gani, na baadae nikaingia kwenye kikundi cha vigae kilichokua na mashine ya vaibreta, ile meza ndogo inayotetemeka. Vigae vyenyewe ni vile vya mawimbi, sentimita 50 kwa 25, unene milimita 8 au 10, unachanganya simenti moja kwa mchanga tatu, unaweka katani iliyokatwakatwa vipande vifupi vya sentimita moja na nusu hivi, unamwaga juu ya karatasi ya nailoni kwenye meza, unatikisa mpaka usawa unakaa, alafu unavuta ile nailoni taratibu kigae kikiwa bado kibichi unakilaza juu ya kalibu ya mawimbi. Kinakaa humo masaa 24. Kesho yake unakitoa unakitumbukiza kwenye tanki la maji wiki nzima, kisha kinakaa kivulini wiki kadhaa kabla hakijapanda juu ya nyumba.

Sasa angalia hapo kwenye kuvuta nailoni. Kigae kibichi kina unene wa milimita 8 tu, unakihamisha kutoka kwenye meza iliyonyooka unakikunja kwenye mawimbi, alafu jua la Mwanza la saa saba liko juu na upepo wa ziwa unapuliza. Bila nyuzi kinachanika mgongoni, unaona nyufa ndogo ndogo kabla hata simenti haijaanza kushika. Hapo ndipo katani inafanya kazi yake kubwa kuliko zote, inashikilia ule uji wakati maji yanapotoka na uji unasinyaa. Kazi yake ya pili inakuja baadae, kigae kikipigwa kikapata ufa hakiachani vipande viwili kwa mara moja, nyuzi zinavuka ule ufa zinashikilia, mwenye nyumba anakua na muda wa kupanda kubadilisha kabla maji hayajaingia kwenye godoro. Embe likidondoka, mtoto akirusha jiwe, mvua ya mawe ikija, ndo utaona tofauti. Hata safari, maana oda za Ukerewe zinapanda lori alafu zinapanda kivuko, na barabara ya vijijini unaijua, vigae vyenye katani nzuri vinafika vingi kuliko visivyo na nyuzi.

Ila kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi, na mimi nililiona kwa macho tulipoitwa kushusha paa la jengo moja la zamani la taasisi hapa kanda ya ziwa. Lilikua limeezekwa vigae vya simenti na katani vya enzi zile za miaka ya themanini. Paa lilikua halivuji sana, vigae vingi vilikua vizima, ila ukikivunja kimoja ukaangalia pale kilipovunjikia, zile nyuzi hazivutiki. Zinakatika kwenye vidole kama mifupa ya dagaa aliyekaangwa sana. Sehemu zingine hakuna hata uzi, kuna kitundu tu kinachoonyesha hapa uzi ulipita. Lakini, na hapa ndo nilisimama nikaita wenzangu waje waone, ile sehemu ya kigae iliyokua imefunikwa na kigae cha juu yake, ambayo mvua haiifikii na jua haliipigi, nyuzi zake zilikua bado za njano njano na ukizivuta zinagoma. Kigae kimoja, mchanganyiko mmoja, siku moja ya kutengenezwa, lakini upande mmoja katani imekufa na upande mwingine iko hai.

Nilienda na vipande vile kwa injinia mmoja anayefundisha, akanieleza vizuri sana na tangu siku hiyo kazi yangu ilibadilika. Simenti ikishika inatoa chokaa, yaani maji yaliyonasa ndani ya vitundu vya zege yanakua makali, kipimo chake cha ukali kinachoitwa pH kinazidi 12, mara nyingi kinafika 13. Uzi wa katani ukiuangalia kwa darubini siyo kamba moja, ni mkusanyiko wa viseli vidogo vidogo vilivyogundishwa pamoja, na gundi yake ni lignini na wenzake. Maji yale makali yanayeyusha ile gundi, viseli vinaachana. Pia chokaa inaingia ndani ya uzi wenyewe inaganda humo, uzi unakua mgumu kama jiwe, haujipindi tena, unakatika tu. Na kinachoharakisha yote haya ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Sasa fikiria hali ya hewa yetu ya ziwani wakati wa vuli, asubuhi jua kali, mchana wingu linapanda kutoka ziwani, ngurumo, mvua kubwa, baada ya saa moja jua tena na paa linafuka moshi. Kila mzunguko huo unasukuma maji ya chokaa kuingia na kutoka kwenye uzi. Ndo maana ile sehemu iliyofunikwa ilipona.

Na siyo jambo jipya. Mtafiti wa Sweden anaitwa Hans-Erik Gram alishaandika haya mwaka 1983, kwamba nyuzi za mimea ndani ya zege la kawaida kwenye nchi za joto na unyevu hazidumu, na dawa mojawapo ni kupunguza ile chokaa kwa kubadilisha sehemu ya simenti na vumbi lenye silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Wengine waliamua kuachana na nyuzi kabisa, ndo maana vigae vingi vya namna hii vilivyokuja baadae duniani ni vya mchanga na simenti tu, mchanga uliochaguliwa vizuri wa punje mchanganyiko. Siwalaumu. Kigae kisicho na nyuzi kikitengenezwa kwa makini kinakaa miaka mingi. Lakini mimi bado naitaka katani, kwa sababu za safari na embe na watoto nilizosema hapo juu, na kwa sababu mkonge uko hapa hapa. Mkonge Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchi hii mwaka 1893, tukisikia mkonge tunafikiria Tanga na Korogwe, ila nenda Kwimba, nenda Misungwi, nenda Shinyanga uone usukumani watu wameupanda kwenye mipaka ya mashamba na kuzunguka mazizi, akina bibi wanaukwangua kwa mkono wanasokota kamba. Nauchukua hapo. Pesa inabaki kwa bibi wa Misungwi na siyo kwa nyuzi za plastiki za kuagiza.

Kwaiyo nikaanza na majivu ya pumba za mpunga.

Pumba tunazo mpaka zinakera. Magu, Misungwi, Sengerema, Kahama huko, kila penye mashine ya kukoboa kuna mlima wa pumba pembeni, wanazichoma zinafuka wiki nzima, moshi unaingia kwa majirani. Katika tani moja ya mpunga kama kilo 200 ni pumba, na ukichoma pumba hizo unapata kama kilo 40 za majivu, na majivu hayo sehemu kubwa sana ni silika, yaweza kufika asilimia 90. Silika hiyo ikikutana na chokaa ya simenti na maji inaila, inaigeuza kua gundi ile ile inayofanya zege liwe gumu. Yaani kile kilichokua kinaua katani kinageuka kua nguvu ya kigae. Nikilifikiria hilo mpaka leo nafurahi.

Ila siyo kila majivu. Hapa ndo nataka vijana wanisikilize kabisa. Ukichoma pumba kwa moto mkali, zaidi ya digrii 700 na kuendelea, silika inajipanga kua fuwele, inalala, haifanyi kazi na chokaa tena, unakua umeongeza mchanga mwembamba tu kwenye simenti yako. Lundo kubwa linalowaka lenyewe katikati linapata joto sana, na majivu ya kwenye tanuri za tofali mara nyingi yameungua kupita kiasi, watu wanakupa bure na unaona umepata kumbe bado. Mimi natumia kikapu cha wavu wa chuma, pumba zinakaa nyembamba kuzunguka na hewa inapita katikati, zinaungua taratibu bila kuwaka ndimi, na zikimaliza nazitandaza zipoe haraka. Majivu mazuri kwangu ni ya kijivu kuelekea nyeupe. Meusi yana kaboni nyingi bado, yanakunywa maji na kigae kinatoka cheusi. Rangi peke yake lakini haitoshi kukuhakikishia, maana hata yaliyoungua sana yanaweza kua meupe vizuri tu, kwaiyo kila mzigo mpya nachanganya majivu kidogo na chokaa ya kupaka ukuta na maji, nafunga kwenye mfuko wa nailoni lisikauke, naacha wiki moja mbili. Likiwa donge gumu ambalo halilainiki ukilitia kwenye maji, majivu yanafanya kazi. Likibaki tope, nayarudisha bustanini.

Alafu yasagwe. Majivu bila kusagwa ni kazi bure, punje zake zina matundu ndani zinafyonza maji, unachanganya unaona mchanganyiko mkavu, fundi anashawishika kuongeza maji na maji yakizidi kigae kinakua na vitundu kinavuja. Nina pipa linalozunguka kwa mota, ndani nimeweka vipande vya nondo vifupi, linazunguka masaa mengi mpaka majivu yanakua laini kuliko simenti kwenye vidole. Nabadilisha kama asilimia 20 ya simenti, yaani kwenye kila kilo tano za simenti moja ni majivu. Vaeni barakoa jamani, barakoa ya kweli na siyo kitambaa cha leso, maana vumbi la silika linakaa kwenye mapafu na halitoki, na yale majivu yaliyoungua kupita kiasi ndo hatari zaidi. Mimi nilitoka kwenye kokoto, nawajua akina mama wenzangu waliokohoa miaka, sisemi hili kwa mzaha.

Asilimia 20 inapunguza chokaa ila haiimalizi. Kuimaliza kabisa inabidi ubadilishe sehemu kubwa zaidi ya simenti, na hapa nilipata mwanga kutoka kwa kazi za Wabrazil, kundi la Romildo Toledo Filho kule Rio de Janeiro ambao wameshughulika na mkonge kwenye simenti kwa miaka mingi. Wao walitoa nusu nzima ya simenti. Katika mchanganyiko wao mmoja waliweka asilimia 30 metakaolini, huo ni udongo wa kaolini uliochomwa ukasagwa, na asilimia 20 unga wa tofali za kuchoma zilizovunjika. Tofali za kuchoma! Niliposikia hivo nilicheka kwa furaha maana nani hapa Mwanza hana lundo la vipande vya tofali nyuma ya nyumba. India wamekua wakitumia unga wa tofali na chokaa tangu zamani sana, Warumi pia.

Kwenye tofali nako kuna uchaguzi. Udongo wa mfinyanzi unaamka ukichomwa kati ya digrii 600 na 800 hivi. Tofali la nje ya tanuri lisiloiva, ambalo ukilimwagia maji linameguka, bado ni udongo. Tofali la karibu na mdomo wa moto lililoungua mpaka likang'aa kama kioo limepita, limelala. Nachukua yale ya katikati, yaliyoiva kawaida, na nayapima kwa donge la chokaa vile vile. Kuna mzee mmoja mchoma tofali jirani yangu kule Misungwi, nilipoanza kuja na toroli kuokota vipande vyake alinisalimia mwangaluka mayu, alafu akauliza unajenga nini na takataka hizi, nikamuelezea. Siku iliyofuata nilikuta ameshanitengea fungu, yaliyoungua kivyake na mabichi kivyake, bila kumuomba. Anajua moto wake kuliko mtu yeyote, na ukweli ni kwamba maarifa yake ndo yananisaidia zaidi kuliko kipimo chochote nilichonacho.

Sasa hivi nina mchanganyiko wenye majivu na unga wa tofali pamoja, simenti imebaki kama theluthi mbili. Unashika polepole, hilo nakubali wazi. Kigae kinahitaji kukaa kwenye kalibu muda mrefu zaidi na kwenye tanki muda mrefu zaidi, ukikitoa mapema ukakiacha juani umekiua, kwa sababu ile kazi ya silika na chokaa inahitaji maji na inahitaji siku. Mwenye haraka ya oda asianzie hapa.

Katani yenyewe nayo inataka kuandaliwa. Mkonge uliokwanguliwa kwa mkono unabaki na utomvu na sukari, na sukari inachelewesha simenti kushika, inaweza kulala mpaka kesho bado laini. Nafua nyuzi kwenye maji mpaka maji yanatoka meupe. Alafu nazilowesha nazikausha, nazilowesha tena nazikausha, mara kadhaa, maana uzi uliopitia hivo unapunguza tabia ya kuvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, unashikamana na simenti vizuri zaidi. Nalo hilo Wabrazil wamelichunguza sana. Kiasi ni kidogo tu, asilimia 1 ya uzito wa mchanganyiko mkavu, ukizidisha au ukikata ndefu zinajikunja mabonge, na bonge la katani ndani ya kigae ni mlango wa maji. Watu wanataka kuzidisha wakidhani wanaongeza nguvu. Nazitawanya kwa mkono kidogo kidogo zikiwa na unyevu, mtu mmoja anachanganya mwingine ananyunyiza.

Kuna watu wamenifuata wakitaka gugu maji badala ya katani, lile lililovamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini, tungelimaliza kwa faida. Natamani ingewezekana na nawaheshimu wanaolisokota vikapu. Lakini nyuzi zake ni dhaifu na linanyonya maji sana, kwenye kigae chembamba sijaliamini.

Na angalizo kubwa kwa mafundi wa nyumba, haya matibabu ya kuondoa chokaa ni ya vigae na vibao visivyo na chuma. Kwenye zege la nguzo na mkanda na slabu, ile chokaa ndo inayolinda nondo isipate kutu. Usichukue mchanganyiko wangu ukamwaga kwenye nguzo ya ghorofa Buhongwa, kabisa usifanye hivo, zege lenye nondo lina injinia wake na vipimo vyake.

Faida ya mazingira wengi wanaiuliza mwisho ila kwangu ipo karibu. Klinka, yaani yale madonge yanayosagwa kua simenti, inachomwa kwenye digrii 1450, na kila tani ya klinka inatoa karibu tani moja ya hewa ukaa, nyingi yake haitoki hata kwenye moto, inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kwa joto. Kwaiyo hata ukichoma kwa kuni au kwa umeme jiwe litatoa ile hewa yake tu. Njia ya maana ni kutumia klinka kidogo zaidi. Huko duniani kuna simenti inaitwa LC3, klinka nusu, udongo uliochomwa asilimia 30, unga wa mawe ya chokaa asilimia 15 na jasi 5, inapunguza hewa ukaa kwa kiasi cha asilimia 40, na hesabu yake ni ndugu na hiki ninachofanya kwenye pipa langu. Na simenti ikifika Mwanza imeshakula nauli ndefu kutoka pwani, kila kilo ninayoiokoa naiona mfukoni.

Nimalizie na asbestosi maana kila nikizungumzia karatasi za simenti na nyuzi mtu anauliza, mbona zile za zamani zinadumu? Zinadumu kwa sababu asbestosi ni nyuzi za jiwe, chokaa haiwezi kuzila. Ludwig Hatschek wa Austria alisajili hataza yake mwaka 1901 na dunia nzima ikaezekwa. Lakini nyuzi zile zikipasuka vumbi lake linasababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, ugonjwa unakuja baada ya miaka 20, 30, 40, mtu ameshasahau alifanya kazi wapi. Ulaya walipiga marufuku 2005, na karatasi za simenti za kisasa huko zinatumia nyuzi za selulosi ya miti au za plastiki maalumu. Hapa kwetu bado nakuta mapaa ya zamani ya shule na nyumba za watumishi yakishushwa kwa nyundo, vipande vinatupwa, mtu anabeba anaenda kujengea banda la kuku au kufunika choo, watoto wanazitumia kuchorea chini kama chaki. Niliwaona watoto hao na iliniuma sana. Kama unaishi chini ya karatasi ya kijivu ya mawimbi ya zamani usiitoboe, usiikate kwa msumeno, usiifagie kavu. Ikibidi ishuke ilowekwe maji, itolewe nzima nzima na watu wenye vifaa, ifungwe kwenye nailoni nene na ikazikwe sehemu iliyoruhusiwa. Nyuzi zangu za katani zinakufa kwa chokaa ila hazimuui mtu.

Anayetaka kuezeka kwa vigae hivi ajue mzigo. Kigae cha milimita 8 kinazidi kilo 2 na mita moja ya mraba inakula 13 hivi, ni karibu kilo 30, wakati bati la geji 30 ni kilo tatu. Kenchi lazima ziwe za mbao nzuri zilizokauka, papi zikae kwa nafasi sawa sawa kabisa, na mwinuko wa paa usiwe wa bati, mimi kwa nyumba za karibu na ziwa nataka digrii 30 sababu ya upepo unaosukuma mvua kwa ubavu. Fundi aliyezoea bati la msauzi akikuambia mteremko mdogo unatosha, mkatalie.

Na kabla hujalipa pima. Kigonge kigae kwa kifundo cha kidole, kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Kizungushie kingo za udongo mgongoni ujaze maji uache masaa 24, chini kinaweza kua na unyevunyevu lakini tone lisianguke. Kilaze juu ya papi mbili ukipakie uzito katikati taratibu mpaka kivunjike, uone kimebeba kiasi gani, alafu angalia pale kilipovunjikia, nyuzi zimetawanyika au zimekaa bonge moja, na ukizivuta zinagoma au zinakatika. Mimi kila msimu wa mvua ukiisha nashusha kimoja kutoka kwenye paa la jiko langu, la mchanganyiko wa majivu na tofali, nakivunja. Mpaka sasa nyuzi zinagoma. Vya simenti tupu nilivyoviweka upande wa pili wa jiko lile lile vimeshaanza kukatika.